SHANGAZI WA MTINKO: Alilinda mashamba ya watu, mbwa wakamlinda yeye

Msomaji wangu, nikikutajia Singida kinakujia nini kichwani? Usinidanganye. Ni kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti, basi. Ukishapangusa mikono pale baa, Singida imekwisha mpaka Ijumaa nyingine. Wala sikulaumu. Hata mimi ambaye baba yangu alitoka huko, kwa miaka mingi Singida yangu ilikuwa inaishia kwenye sahani.

Leo nakupeleka Mtinko. Ni kata ya vijijini, kaskazini mwa Singida mjini, nchi ya Wanyaturu. Ukishuka kwenye basi pale mjini unajibana kwenye gari dogo pamoja na ndoo, vifaranga na mama mwenye mtoto asiyetaka kulala. Vumbi utalila bure. Huku na huku ni alizeti, uwele na mtama, na upepo wa kule usiombe! Ukivaa kofia yako ya mapozi utaikimbilia mpaka shambani kwa mtu. Mipaka ya maboma mengi ni minyaa, ule mti wenye utomvu mweupe ambao ukikuingia jichoni utamtaja mama yako kwa majina yake yote.

Huko ndiko alikozikwa shangazi yangu, Mei 2024, alizeti zikiwa zimeinamisha vichwa zikisubiri kuvunwa. Hakuwa mbunge wala msanii. Hakuna redio iliyomtangaza zaidi ya matangazo ya vifo. Alikuwa msaidizi wa kisheria, na kazi yake kubwa ilikuwa ardhi: mipaka, mirathi, hati, mauziano. Mapenzi yake makubwa yalikuwa mbwa.

Jina lake silitaji. Mwenyewe alikuwa akisema jina la mtu mahali pake ni kwenye hati, gazetini wanaandikwa wezi. Basi tumwite Shangazi, inatosha. Nina deni lake ambalo nimekaa nalo tangu mwaka 2016, na leo nataka kulipa kidogo mbele yako wewe shahidi yangu.

MPIGA TAIPU

Shangazi aliingia Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya themanini, akapata kazi ya kupiga taipu kwenye ofisi ya wakili mmoja katikati ya jiji. Enzi zile mashine ni chuma kitupu, zinalia kama mvua juu ya bati. Kazi za pale zilikuwa mikataba ya kuuza nyumba, kupangisha, kuweka rehani, pamoja na wosia wa wazee wenye mali.

Wenzake walikuwa wanapiga taipu huku wanapiga soga. Yeye alikuwa anasoma anachopiga. "Kidole kinapiga, jicho linasoma, roho inauma," ndivyo alivyokuwa akituambia. Aliona nyumba zinauzwa mke akiwa jikoni hana habari. Aliona wajane wanakuja kuweka dole gumba kwenye karatasi ambayo hakuna aliyewasomea. Usisahau kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwepo tayari, na inasema wazi kwamba nyumba ya familia haiuzwi na mwenzi mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ilikuwa kabatini, watu wakawa barabarani.

Kulikuwa na kesi moja aliyokuwa anaisimulia jinsi wewe unavyosimulia mechi ya Simba na Yanga. Bibi mmoja wa Kihaya kule Kagera, Holaria Pastory, alirithi shamba la baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000. Hapo kasheshe likaanza. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani kusema mila haimruhusu mwanamke kuuza shamba la ukoo. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema mila ya kumbagua mwanamke haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume alivyo nayo. Kwisha kazi!

Shangazi akifika pale kwenye "kwisha kazi" alikuwa anapiga meza. Chai zimemwagika sana kwa ajili ya Holaria Pastory.

Miaka ya tisini ikawa ndiyo miaka ya ardhi. Mwaka 1991 Rais aliunda tume ya kuchunguza matatizo ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji, ikazunguka nchi ikisikiliza vilio vya watu. Mwaka 1999 Bunge likapitisha sheria mbili, ya Ardhi Namba 4 na ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zikaanza kutumika mwaka 2001. Ile Namba 5 Shangazi aliinunua nakala yake, akaifunika kwa gazeti kama tulivyokuwa tunafunika madaftari ya shule. Ndani yake alipigia mstari kifungu kinachosema mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kupata ardhi ni batili.

Ofisini zikaingia kompyuta. Wapiga taipu wakapunguzwa. Mwaka 2003 Shangazi akafunga mizigo, akarudi Mtinko na nakala yake ya sheria, mashine mbovu ya taipu aliyopewa kama kiinua mgongo, na mbwa mmoja wa Dar aliyesafiri chini ya kiti cha basi. Konda alimtoza nauli ya mzigo.

SHAHIDI, RUFAA NA SUBIRA

Sasa tuje kwenye mbwa, maana najua kuna mtu ameshakunja uso.

Sisi Waswahili tuna kesi na mbwa. Tukitaka kumtukana mtu tunamwita mbwa. Mtu akipata shida tunasema anaishi maisha ya mbwa. Mjini mbwa ni wa mshua mwenye geti, na pale getini kuna kibao kinachokutishia kabla hujamwona mwenyewe. Kijijini mbwa ni askari asiye na mshahara: usiku analinda mbuzi, mchana anapigwa mawe.

Shangazi alikuwa na mbwa wa kienyeji watatu kwa wakati mmoja, mara zote. Akifa mmoja analia siku tatu, wiki ya pili kuna mwingine. Na unajua kwetu jina la mbwa ni ujumbe kwa majirani. Mtu anamwita mbwa wake Mtasema Sana, au Yana Mwisho, akimwita jioni mtaa mzima unaelewa nani anasemwa. Yeye wa kwake aliwapa majina ya kazini: Shahidi, Rufaa na Subira.

Siku moja kwenye baraza la usuluhishi, mzee aliyekuwa anaongoza kikao akatoa sauti: "Haya, shahidi aingie!" Mlango ulikuwa wazi. Akaingia mbwa, mkia juu, akaenda kukaa mbele ya wajumbe kama aliyeapishwa. Watu walicheka mpaka wagomvi wawili wakasahau wamekuja kugombania nini. Kesi ile ilisuluhishwa siku hiyo hiyo. Shangazi akawa anatamba kwamba Shahidi ndiye pekee ambaye hakuwahi kubadilisha maelezo yake.

Lakini mapenzi yale yalikuwa na kidonda ndani. Alipokuwa darasa la nne, rafiki yake waliyekuwa wakikaa naye dawati moja aliumwa na mbwa mguuni. Kidonda kikapona, watu wakasahau. Baada ya wiki kadhaa mtoto akaanza kuogopa maji. Nyumbani wakasema karogwa. Akafa. Shangazi aliyaona yale, na hakuanza kuwachukia mbwa. Aliwachukia watu wazima ambao walikuwa na mbwa na hawakuwa na habari.

Kwa hiyo nyumbani kwake kadi za chanjo za mbwa zilikaa faili moja na hati za watu. Kila mwaka lazima wachanjwe. Alipokuwa anapita vijijini kufundisha habari za mirathi, mwishoni aliongeza somo lake mwenyewe: ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, usidanganyike na kahawa wala mafuta ya taa. Kisha kimbia hospitali ukachomwe sindano siku ile ile. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakuna dawa, ni kaburi. "Ni kama ardhi," alikuwa akisema. "Ukingoja mpaka dalili zionekane, umechelewa."

KAZI ISIYO NA NGAWIRA

Mwaka 2012 alipata mafunzo rasmi ya usaidizi wa kisheria. Mwaka 2017 ikatungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria, na watu kama yeye wakatambuliwa na nchi. Wapo kila pembe ya Tanzania, na mjini hatuwajui kwa sababu sisi tukipata shida tunatafuta wakili au tunatafuta mtu anayemjua mtu.

Msaidizi wa kisheria siyo wakili. Hasimami mahakamani kukutetea, na msaada wake hauuzwi. Kazi yake ni kukuelewesha haki yako, kukuelekeza uanzie wapi, kukusaidia kujaza fomu na kuwakalisha wagomvi wazungumze kabla hawajashikana mashati. Umefiwa na mume? Yeye ndiye anakwambia ufuate cheti cha kifo, kikao cha ukoo kiandikwe muhtasari, kisha mwende Mahakama ya Mwanzo kumteua msimamizi wa mirathi. Jirani kasogeza mpaka? Anakwambia uende baraza la ardhi la kijiji, ambalo kisheria lina wajumbe saba na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Na anakuonya usilale, maana madai ya kurudisha ardhi yana kikomo cha miaka 12.

Shangazi alizifanya kazi hizo kwa baiskeli, mbwa wakimfuata nyuma. Akikuta mgogoro wa mpaka hakuanza na karatasi. Alianza kwa kuutembea mpaka, mnyaa kwa mnyaa, na wazee wa pande zote mbili, huku mbwa wanatangulia wakinusa. Kila jambo aliliandika kwenye daftari: tarehe, majirani wa pande nne, mashahidi. Watu walimpelekea kuku wa shukrani. Kuku alikuwa anawarudisha, na mwenye kuku anarudi naye nyumbani amenuna. Yeye aliishi kwa alizeti zake na mayai yake.

Usifikiri alikuwa malaika. Mdomo wake ulikuwa wembe. Nyumba yake ilivuja upande mmoja tangu mwaka aliorudi. Nguo zake zilinuka mbwa, na mumewe alishindwa, akaondoka mapema. Kuna waliomwita Mwanasheria wa Mbwa, tena mbele yake. Alikuwa anawajibu: "Mbwa hawanidai matokeo."

NILIPOFIKA NA MNUNUZI

Sasa lile deni langu.

Babu alifariki mwaka 2009. Bibi akabaki kwenye shamba la ekari nane, karibu na barabara. Mwaka 2016 baba mkubwa na baba mdogo wakakaa wakaona mama yao amezeeka na ardhi iko wazi inawatazama. Akapatikana mtu wa mjini mwenye kutaka ekari tano ajenge mashine ya kukamua alizeti, anatoa shilingi milioni sita. Baba yangu alikwishafariki, kwa hiyo fungu lake lilikuwa linakuja kwangu: milioni moja na nusu.

Mimi wakati ule nilikuwa kijana wa Sinza, nimechoka kupanga chumba. Dalali alikuwa amenionyesha kiwanja Chanika na nilishatoa shilingi laki nane za kutangulizia. Fungu la Singida ndilo lilikuwa linakuja kumalizia deni. Mkataba wa kuuza shamba la Bibi niliuchapa mimi mwenyewe kwenye duka la kompyuta, maana ndiye niliyekuwa msomi wa ukoo. Nikaupiga picha ya jicho moja la mwisho, nikauona bomba.

Nikafika Mtinko na baba mkubwa, mnunuzi na fundi mwenye futi ya kamba. Kabla hata hatujafungua mlango wa gari, Shahidi akatokea kwenye minyaa. Alinibwekea mimi kuliko wote. Nikamwita kwa jina, wapi! Wakati ule ule akapita jirani yao, mzee mmoja na jembe begani, akakatiza katikati ya shamba kama kwake. Mbwa akamtikisia mkia na kurudi kunibwekea mimi.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba baba. Umemwona huyu? Miaka sita hujakanyaga hapa. Hata mbwa anauliza wewe ni nani."

Nikajifanya kucheka. Akanyoosha mkono, akataka karatasi. Aliisoma amesimama, kwa jicho la mtu aliyepiga taipu maelfu ya karatasi kama ile. Akaniuliza swali moja tu: "Hapa kwenye 'muuzaji' umemwandika baba yako mkubwa. Anayelima hapa nani?"

Baba mkubwa akaruka juu. Akamwambia yeye ni mtoto wa kike, aliolewa, ardhi ya pale inamhusu nini? Anataka kujirithisha! Msomaji, hilo ndilo neno ambalo kila mwanamke anayesimamia haki ya mama yake hulisikia. Shangazi hakupandisha sauti. Alisema: "Mimi silitaki. Ila kule Kagera mwanamke alikatazwa kuuza, na hapa mwanamke analazimishwa kuuza. Ugonjwa ni huo huo mmoja. Shamba ni la mwanamke, msemaji ni mtu mwingine."

Alitupeleka halmashauri ya kijiji, hakutukimbiza. Maana ardhi ya kijiji haiuzwi kwa kupeana mikono chini ya mti. Lazima halmashauri ya kijiji itoe kibali. Na ile sheria yake iliyofunikwa gazeti inakataza kutoa kibali ikiwa mauzo yatamnyang'anya mwanamke haki yake ya kukaa na kulima. Usiku wa kuamkia kikao alikaa na Bibi jikoni wanaongea Kinyaturu mpaka jogoo la kwanza. Mimi nililala chumba cha pili nikisikia, sikuelewa hata nusu. Huo nao ni msiba wangu mwingine.

Kwenye kikao Shangazi hakuongea. Aliongea Bibi, akiwa amekaa chini, fimbo mapajani:

"Nilipewa kiwanja hiki mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji. Palikuwa pori. Hawa wote nimewalisha kwa shamba hili, hata huyu mume wangu aliyekuja na gari." Hapo alikuwa ananionyesha mimi, mjukuu wake. "Mimi sijakataa kufa. Lakini mnauza kabla sijafa, mnataka nikafie wapi?"

Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa vipya, vya mkopo.

Halmashauri ikakataa. Mnunuzi akapanda gari lake, akatuacha na fundi wetu na futi yake ya kamba. Baba mkubwa hakumsemesha dada yake miaka miwili.

MWENYE MBWA NDIYE AJUAYE

Jioni ile nilitaka kumkasirikia, nikashindwa, nikamweleza habari za Chanika. Akaniuliza: majirani wa pande nne ni nani? Sijui. Mwenyekiti wa mtaa umeonana naye? Dalali kasema hayupo. Umewahi kwenda bila dalali? Sijawahi.

Akaniambia hivi, na hili ulikate ulibandike ukutani: "Ukitaka kununua kiwanja, nenda alfajiri peke yako. Tembea pale mpaka mbwa wa mtu akubwekee. Kisha msubiri mwenye mbwa atoke, umsalimie, umuulize nani huwa anakuja kufyeka hapa. Dalali ana maneno. Mwenye mbwa ana miaka kumi anatazama nani anapita."

Nilirudi Dar, nikaenda Chanika alfajiri. Mbwa alibweka, mama mmoja akatoka na kanga na tochi. Akaniangalia kwa huruma, akasema: "Na wewe tena?" Nilikuwa mtu wa tatu kuuziwa kiwanja kile. Laki nane zangu ziliota mbawa, mpaka leo sijaziona. Lakini ningekuwa nimezitupa na zile milioni moja na nusu juu yake, fedha za shamba la bibi yangu, nikabaki sina kiwanja na Bibi hana pa kufia. Mara mbili katika wiki moja mbwa walikuwa wameniambia ukweli bure.

Baadaye kijiji kilipopata mpango wake wa matumizi ya ardhi, Bibi akapewa hati miliki ya kimila yenye jina lake. Alikuwa hajui kusoma, lakini alikuwa anaifungua kila akija mgeni, anaishika juu chini. Alifariki mwaka 2021, nyumbani kwake, kitandani kwake. Mkutano wa kugawana mirathi ulichukua asubuhi moja na haukuvunja hata kikombe, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Baba mkubwa ndiye aliyefungua kikao kwa sala, na alimwombea dada yake kwa jina.

FAILI LA KIJANI

Shangazi aliondoka ghafla, presha. Nilipopata simu nilipanda treni ya umeme iliyokuwa ya majaribio? Wapi, msomaji, abiria walikuwa hawajaanza. Nilipanda basi la alfajiri, karibu kilomita 700, nikafika watu wamekwisha kaa vikundi vikundi uani.

Sijawahi kuona msiba wa namna ile. Walikuja wajane wa vijiji ambavyo sivijui. Walikuja wanaume wawili ambao walishawahi kukatana mapanga kwa ajili ya mpaka, wamepanda pikipiki moja. Kila mama niliyemsalimia alikuwa na karatasi nyumbani iliyoandikwa na Shangazi. Hakuna aliyetoa hotuba ya maana. Walikuwa wanatajiana tarehe: mimi ilikuwa 2013, mimi 2019, mwaka wa mvua nyingi.

Mbwa watatu walilala chini ya turubai, na siku ile hakuna aliyewatupia jiwe.

Baada ya arobaini tulifungua faili lake la kijani. Niliogopa, maana mara nyingi fundi cherehani ndiye hutembea na nguo iliyochanika. Wapi! Hati yake ya kimila ilikuwepo, wosia upo, mashahidi wamesaini. Kulikuwa na ukurasa mzima wa mbwa: Subira aende kwa jirani yule wa jembe, Rufaa abaki na shangazi mdogo, Shahidi wa sasa, ambaye ni mjukuu wa yule wa kwanza, asihamishwe pale nyumbani, na tarehe za chanjo ni hizi.

Mwisho wa faili nikakuta karatasi ninayoijua. Mkataba wangu wa mwaka 2016, herufi zangu, wino wa duka la kompyuta. Alikuwa ameutunza miaka minane. Mgongoni aliandika kwa mkono neno moja na tarehe:

"Hakusaini."

Msomaji, ukweli ni kwamba nilikuwa na kalamu mfukoni. Ningesaini. Halmashauri ndiyo iliyokataa, na Bibi, na mbwa. Lakini kwenye kumbukumbu zake Shangazi alichagua kuniandika hivyo. Nilikaa pale kwenye kigoda nikalia kama mtoto, Shahidi akaja kunusa viatu vyangu. Hakubweka.

KABLA HATUJAAGANA

Wewe uliye mjini unayesoma hapa kwenye daladala, najua nyumbani kwenu kuna shamba. Najua kuna bibi au mama anayelilima, na kuna kikao kinakuja ambacho wewe utaambiwa fungu lako ni kiasi gani. Kabla hujanunua kalamu, fanya mambo haya.

Uliza jina la nani limeandikwa. Kama hakuna, saidia hati iandikwe jina la anayelima. Mume na mke wanaweza kuandikwa wote wawili kwenye hati moja.

Ukisikia ugomvi, usikimbilie mkwara. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata halitoi tena hukumu, kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa ndani ya siku 30 ndipo unakwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya.

Mtafute msaidizi wa kisheria wa kata yenu umfahamu kwa sura, wakati bado hamna shida naye. Ukimkuta anatembea na mbwa, msalimie na mbwa.

Na kama una mbwa, mpeleke akachanjwe. Shangazi asingenisamehe nisingelisema hili.

Mimi nyumba yangu bado sijajenga. Naendelea kupanga Sinza, na mwenye nyumba hataki mbwa. Lakini kila Desemba nakwenda Mtinko kupanda alizeti kwenye kipande changu cha mirathi ya Bibi. Mwaka wa kwanza Shahidi alinibwekea kuanzia barabarani. Mwaka jana alibweka mara moja, akakumbuka, akatikisa mkia.

Tuonane wiki ijayo.